Mgonjwa wa Kweli

Mimi ndiye niliyelala kwenye remorke. Naanza na hilo kwa sababu watu wa hapa Bunia wakisimulia safari ile huzungumzia bendera, nyimbo, na wale waliokwenda hadi Epulu kwa baiskeli na kurudi. Hilo la kulala hulitaja mwishoni, kama kichekesho. Mimi sikufika Epulu. Nilifika Komanda tu, nikarudi.

Kazi yangu ni kutengeneza baiskeli, karibu na soko. Shule niliiacha darasa la sita. Wakati ule bunduki zilikuwa zimenyamaza, lakini hakuna aliyethubutu kusema zimekwisha. Watu walikuwa wamerudi kulima, na bado kila nyumba ilikuwa na mfuko wa nguo karibu na mlango. Direkteri wa shule ya parokia yetu alikuwa na wazo. Alitaka wanaume wa pande zote mbili, wale waliokuwa wakikimbiana, wapande baiskeli pamoja kutoka Bunia hadi Epulu na kurudi, siku sita, wakipita kijiji kwa kijiji. Parokia za njiani ziliahidi mbuzi, maharagwe, mbao, kila moja kwa uwezo wake. Vyote vingeuzwa ili zinunuliwe remorke za kubeba wagonjwa katika vijiji visivyofikiwa na gari.

Remorke ni kitanda cha chuma chenye magurudumu mawili ya baiskeli. Kinafungwa nyuma ya baiskeli kwa kifungo, na mgonjwa analala juu yake. Moja tulikuwa nayo tayari, na kifungo chake nilikitengeneza mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Direkteri aliniomba nifuatane nao ili nitazame baiskeli za wengine. Nilikubali. Sikumwambia sababu yangu, na yeye hakuuliza, kwa kuwa aliijua.

Miaka minne kabla ya hapo nilimpeleka mke wangu hospitali ya Nyankunde kwa baiskeli. Tumbo lilikuwa limemkamata tangu siku iliyotangulia. Hakuwa na nguvu ya kujishika. Nikamkalisha kwenye porbagaji, kile chuma cha nyuma tunachopakia mizigo, nikamfunga mgongoni mwangu kwa vitenge vyake viwili, kama mama anavyomfunga mtoto. Njia nzima nilimsemesha. Mwanzoni alijibu. Baadaye aliguna tu. Baadaye nikahisi uzito wake umeongezeka, nikadhani amesinzia, na nitasema ukweli, nilifurahi. Nilifurahi kwamba amepata usingizi. Mlinzi wa geti la hospitali ndiye aliyeniambia, "Papa, fungua kitambaa."

Kwa hiyo sijui alikufa wapi. Kaburi lake nalijua, nilichimba pamoja na kaka zake. Lakini mahali kwenye barabara, kilima gani, karibu na nyumba gani, sijui. Nilikuwa naongea habari za shamba la mihogo. Tangu siku ile sikupita tena barabara ile hadi siku tulipoondoka na bendera.

Tulikuwa watu kumi na wanane. Wengi walikuwa vijana wa kwaya na walimu. Mmoja alikuwa mbeba mafuta, mtu mkubwa wa mwili, ambaye miaka yote alisukuma baiskeli yenye madumu ya mawese, sisi tunayaita bidoni, kutoka upande wa Mambasa hadi soko la Bunia. Hakuwa mtu wa upande wetu. Wakati wa vita sijui alikuwa wapi, na yeye hakujua mimi nilikuwa wapi, na katika safari nzima hatukuulizana.

Tulipofika kijiji cha kwanza, watu walijipanga kando ya barabara wakituangalia tu. Direkteri alihutubia, hawakuelewa remorke ni ya nini. Mzee mmoja aliuliza kama ni ya kubebea mkaa. Direkteri akatugeukia.

"Tunapashwa kubaonyesha. Nani kati yetu ni mwepesi?"

Mbeba mafuta akaninyooshea kidole. "Papa huyu. Anakulaka upepo na gundi ya viraka. Na uso wake iko tayari ya mugonjwa."

Walicheka. Nikalala. Direkteri akasimama juu yangu, akapaza sauti ya shuleni: "Huyu ni mugonjwa wa kweli! Tumuache akufe?"

"Hapana!"

"Nauliza, tumuache akufe?"

"Hapana!"

Basi mbeba mafuta akanivuta mbio, akazunguka uwanja, akanifikisha chini ya matawi ya michikichi waliyoyafunga kutupokea. Hiyo ndiyo ilikuwa hospitali. Nikaamka mzima, nikainamisha kichwa. Wanawake wakapiga vigelegele, watu wakataka kujua kifungo kinafungwaje, na chifu akasema kijiji chake kitatoa mbuzi wawili badala ya mmoja.

Tukafanya hivyo kila mahali tuliposimama. Katika kijiji kimoja kikubwa, kati ya njia panda ya Nyankunde na Komanda, niliongeza kitu. Hakuna aliyenituma. Nilipokuwa nimelala niliuacha mkono wangu wa kushoto uning'inie nje ya remorke, ukiburuta vidole kwenye vumbi, nikaguna kama ng'ombe. Watu walicheka hadi mama mmoja wa kwaya akakaa chini. Nilisikia kicheko kile nikiwa nimefumba macho. Tangu kumzika mke wangu hakuna mtu aliyewahi kucheka kwa sababu yangu. Kilinipendeza. Nikaguna tena.

"Tutarudi!" direkteri aliwaambia tulipoondoka. "Tukitoka Epulu tutapita tena hapa!"

"Mumurudishe huyu mugonjwa!" wakajibu. "Asikufe huko!"

Njia nzima siku ile nilitazama kando nikitafuta alama. Nilidhani mwili wangu utanikumbusha, kwamba nikifika pale mgongo utajua. Mgongo haukujua kitu. Barabara ilikuwa barabara, na nyasi zilikuwa nyasi.

Tulilala Komanda. Asubuhi, tulipokuwa tunatia upepo kwenye matairi, akaja mama mmoja mzee, mwembamba, kilemba cha bluu kichwani, akituuliza ni nani mwenye kitanda cha magurudumu. Mume wake alikuwa kwenye kituo cha afya tangu siku iliyopita. Tulikwenda na direkteri. Muuguzi alitueleza waziwazi: ngiri imejifunga, utumbo umebanwa, lazima apasuliwe, na pale hawapasui. Ni Nyankunde. Pikipiki hawezi kuikalia, akitanua miguu anazimia. Magari yote ya kushuka Bunia yalikuwa yamekwama kwenye matope upande wa Mambasa, siku ya tatu sasa.

"Ikifika jioni?" direkteri aliuliza.

Muuguzi alitikisa kichwa. 

Mzee alikuwa amelala juu ya mkeka, magoti yamekunjwa, jasho likimtoka. Lakini mdomo wake ulikuwa mzima. Alitutazama mmoja mmoja.

"Ni hawa ndiyo wananipeleka? Huyu mwembamba mwenyewe inafaa apelekwe."

"Muzee, nyamaza, uchunge nguvu," mke wake alisema.

"Umeona? Tangu nimuoe."

Direkteri alinivuta pembeni. Kundi halikuweza kurudi lote, kwani watu wa Mambasa na Epulu walikuwa wanasubiri. Lakini kifungo cha remorke mimi ndiye nilikijua. Aliniuliza kama nitaweza. Nilitaka kusema hapana. Nilitaka aniambie kwamba kuna mtu mwingine. Nikasema ndiyo.

"Nitaenda naye," mbeba mafuta akasema. "Miye nimezoea kusukuma bidoni, na bidoni haijawahi kuniambia aksanti."

Tukamlaza mzee juu ya godoro jembamba, tukamfunga kwa kitenge kifuani asiteleze kwenye milima. Mimi nilivuta. Mbeba mafuta alimpakia mama kwenye porbagaji yake, na kwenye kila mlima alimshusha, akalaza baiskeli yake kando, akaja kusukuma remorke kwa nyuma, kisha akakimbia kurudi kuichukua. Hakulalamika hata mara moja. Direkteri alitusindikiza kwa mkono ulioinuliwa mpaka kona.

"Hii kitanda," mzee alisema nyuma yangu, "nani alilala mbele yangu?"

"Miye, muzee."

"Ulikufa?"

"Hapana."

"Basi iko na bahati."

Sikuweza kumwona. Mwenye kuvuta remorke haoni aliye nyuma, na akigeuka anaipeleka mtaroni. Nilikuwa naisikia tu sauti yake, na magurudumu. 

"Muzee, endelea kusema."

"Niseme nini?"

"Kitu yote."

"Weye ni mutu wa kwanza. Hapa dunia mzima inaniambia ninyamaze."

Akasema. Alisimulia habari za nguruwe wake aliyekula katekisimu. Alimtukana shemeji yake. Alinikosoa jinsi ninavyopita kwenye mashimo, kwamba nayatafuta kama mtu aliyeangusha pesa. Kila aliponyamaza nilimwita, na kila nilipomwita alijibu, mara nyingine kwa neno moja, mara nyingine kwa kuguna, na mimi nilihesabu pumzi zangu hadi aseme tena. Mimi siyo mtu wa maneno. Siku ile niliuliza maswali mengi kuliko niliyouliza maisha yangu yote.

Vijiji vidogo tulivipita bila taabu. Watoto walikimbia kando yetu wakipiga kelele, "Mugonjwa! Mugonjwa!" lakini walichoka. Jua lilikuwa limepita utosi tulipokaribia kile kijiji kikubwa.

Ngoma niliisikia kabla ya kuona mtu. Kumbe watoto wa kijiji kilichotangulia walikuwa wametutangulia kwa njia ya mkato kuwaambia watu kwamba tunarudi. Mwalimu alikuwa ametoa wanafunzi darasani. Kwaya ya akina mama ilikuwa imejipanga barabarani, upana wote, mikono imeshikana, na wakaanza kuimba mara tu walipotuona. Nilipiga kengele. Walidhani naitikia wimbo.

Nikasimama. Hapakuwa na pa kupita.

"Mumerudi upesi!" alisema yule mama kiongozi wa kwaya, yule aliyekaa chini kwa kucheka. "Na mumebadirisha mugonjwa!"

"Mama, tafazali, mutufungulie njia," nikasema. "Huyu ni mugonjwa wa kweli."

Kicheko kilichotokea sitakisahau. Hayo yalikuwa maneno ya direkteri yenyewe. Watu wote waliyajua kwa moyo, hata watoto.

"Tumuache akufe?" mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Hapana!" kijiji kizima kikajibu.

Nilirudia. Nilisema, si mchezo, jana ilikuwa mchezo, leo ni kweli, amebanwa utumbo, anapelekwa Nyankunde. Nina sauti ndogo, na ngoma ilikuwa kubwa. Walionisikia walicheka zaidi, wakaambiana kwamba leo nimejifunza maneno mapya. Mzee aliguna. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeteleza nje ya remorke, ukining'inia, vidole vikigusa vumbi.

"Muone mukono! Muone mukono!"

"Huyu anajua kuliko ule wa jana!"

"Papa, weye wamekunyanganya kazi!"

Mimi ndiye niliyewafundisha mkono ule. Niliendelea kushika usukani kwa mikono yote miwili, maana ningeuachia remorke ingeanguka. Sikuweza kwenda mbele, sikuweza kurudi nyuma, na sikuweza hata kumshika mzee mkono nikaurudisha ndani. Nilisimama tu, nikitabasamu. Ndiyo, nilikuwa natabasamu. Uso wangu ulikuwa umeganda hivyo, na nadhani hilo pia liliwadanganya.

Mbeba mafuta ndiye aliyekasirika. Alimshusha mke wa mzee kwenye ukingo wa barabara, akaitupa baiskeli yake chini, akaingia katikati ya watu akipiga kelele watoke, na katika hasira lugha ya kwao ilimtoka mdomoni.

Ngoma ikakatika. Wimbo ukafa kipande kwa kipande. Waliokuwa mbele wakarudi hatua moja, na wanaume waliokuwa nyuma wakaja mbele hatua moja.

"Huyu ni wa kule," mtu mmoja akasema, kwa sauti ya chini.

Jana alikuwa amevuta remorke mbele yao na walimpigia makofi, lakini jana alizungumza Kiswahili tu. Sasa alikuwa ameinua mkono mbele ya kijana mmoja aliyemzuia, na mkono ule ulibaki juu, na kila mtu aliutazama. Nilijua ukishuka vibaya utatumaliza sote, na siyo siku ile peke yake. Yeye naye alijua. Akaushusha polepole. Kisha akakaa chini barabarani, mtu mkubwa vile, akaweka mikono juu ya magoti mahali kila mtu angeweza kuiona. Akabaki hivyo akitazama vumbi.

 Lakini hakuna aliyetoka njiani. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Nilimsikia mzee nyuma yangu akipumua kwa meno.

Ndipo mke wa mzee akashuka kwenye ukingo alipokuwa amesimama. Alikuja mpaka kando ya remorke. Akafungua kilemba chake cha bluu, nywele zake nyeupe zikaonekana, akakifunga kiunoni, akaweka mikono juu ya kichwa, akalia. Alilia kilio cha msiba. Alimwita mume wake kwa majina ya ukoo, akamuuliza amemwachia nani, akamuuliza ni nani atamfungulia mlango.

Kwetu mwanamke hafungi kitambaa kiunoni na kumlilia mume wake aliye hai. Si jambo la mzaha. Ni kama kumchimbia. Hata mchezaji mwenye wazimu asingelifanya, na kila mwanamke pale barabarani alilijua hilo. Mama kiongozi wa kwaya aliweka mkono mdomoni. Akaachia mkono wa jirani yake, na mwingine akaachia, na barabara ikafunguka. Wale wanaume waliokuja mbele ndio walioinua baiskeli ya mbeba mafuta na kumpa. Kijana aliyemzuia alimshika mkono akamwinua. Walitusukuma mpaka juu ya kilima, watu zaidi ya ishirini.

Mzee alikuwa ameyaona yote. Alikuwa amelala chali, macho wazi. Sauti ya kwanza niliyoisikia kwake baada ya kilima ilikuwa hii: "Amenilia."

"Ni sababu ya njia, muzee. Ni ili batufungulie."

"Ninajua."

Akanyamaza. Nikamwita, akaguna. Nikamwita tena, akaguna.

Kabla ya njia panda kulikuwa na daraja dogo la mbao lililokosa ubao mmoja katikati. Mbeba mafuta alimvusha mama kwanza, akaenda naye mpaka ng'ambo, juu kidogo, ili arudi tuinue remorke pamoja. Nilibaki na mzee. Niliposimama niliweza kugeuka, na kwa mara ya kwanza njia nzima nikaona uso wake. Ulikuwa na rangi ya majivu. Lakini alikuwa ananitazama kwa ukali.

"Ulisikia vile analia?" aliniuliza. "Kama mbuzi. Miaka yote hii, na hajue kulia. Siku ya kweli akilia vile, nitaona haya mbele ya batu."

Nilitaka kucheka na sikuweza. Mbeba mafuta akarudi, tukainua, tukavuka. Nilipoanza kuvuta nikamwita. Hakujibu. Nikamwita tena. Niliita mpaka njia panda, niliita barabara yote ya Nyankunde, na mbeba mafuta alikuwa akiniambia kutoka nyuma, "Anapumua, papa, anapumua, vuta." Nilivuta. Mgongo wangu ulikuwa umekuwa sikio.

Alifika hai. Walimpokea upesi na wakampasua jioni ile ile. Daktari alituambia kipande cha utumbo kilikuwa kimeshakufa, wamekikata, tungojee. Asubuhi nilimfuata muuguzi mmoja mwanamke kwenye veranda nikamwambia ukweli wote: kwamba tulizuiliwa njiani, kwamba sababu ni mimi, kwamba jana yake nililala mahali pa mgonjwa nikachekesha watu. Nikamwuliza kama muda ule ndio uliokiua kile kipande.

Alifikiri. "Papa, sijue. Alikuwa amechelewa hata mbele ya kupanda remorke yenu."

"Lakini inawezekana?"

"Sijue," akarudia. Namshukuru kwamba hakunidanganya, ingawa nililala na neno lile siku nyingi.

Mzee hakuzungumza tena. Siku ya tatu, asubuhi, mke wake akiwa amekaa kando ya kitanda, aliacha kupumua. Muuguzi alitazama saa yake akaandika. Niliona aliandika: saa moja na dakika kumi. Nilisimama pale mlangoni nikautazama ule wino. Ni aibu kusema, lakini nilimwonea mama yule wivu.

Wanawake wengine wa wodi walimzunguka wakingojea alie ili walie naye. Hakulia. Kilemba chake alikifunga vizuri kichwani, akakunja shuka, akaniuliza kama remorke yangu inaweza kumrudisha. Wale wanawake walitazamana. Alipotoka nje alinishika mkono wa shati.

"Mutoto yangu, ni miye nimeita kifo?"

Nilijua jibu ambalo mtu mwema angempa. Lakini mimi pia nilikuwa na swali langu, na miaka minne watu wamenipa majibu mazuri, na hakuna hata moja lililoingia.

"Sijue, mama," nikasema. "Kama ni weye, basi ni siye wawili. Bila mukono wangu ungelia sababu ya nini?"

Aliniachia shati. 

Tulimfunga mzee ndani ya shuka na mkeka, tukaondoka, mimi mbele, mbeba mafuta nyuma na mama. Katika kile kijiji kikubwa watu waliona remorke ikija kwa mbali. Hakuna aliyepiga ngoma. Walisimama kando, pande zote mbili, kofia mikononi. Kiongozi wa kwaya alitoka kwenye mstari akanikaribia, akautazama mkeka, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Papa, ni ya kweli?"

Niliitikia kwa kichwa. Akarudi mahali pake.

Komanda, uwanja wa nyumba yao ulikuwa umejaa watu. Habari ilifika kabla yetu. Ndugu waliupokea mkeka, wakauingiza ndani, na wote wakamgeukia mama. Alikuwa amesimama kando ya baiskeli yangu, mkavu, kama mtu aliyekuja kununua kitu na amesahau ni nini. Nilisikia watu wakianza kunong'ona.

Akaniuliza bila kunitazama, "Pale kwenye daraja, alisema nini? Nilimuona anasema. Nilikuwa mbali."

Nilikuwa nimeomba Mungu asiniulize.

"Mama, si maneno mazuri."

"Sema."

"Alisema unalia kama mbuzi. Alisema siku ya kweli ukilia vile, ataona haya mbele ya batu."

Alinitazama. Kitu kikamtoka, nikadhani ni kikohozi, kumbe ni kicheko. Kifupi, mara moja. "Ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa." Akainua mikono akafungua kilemba, akakifunga kiunoni, akakivuta mara mbili kuhakikisha kimeshika. Akaingia ndani kwenda kulia.

Mbeba mafuta na mimi tulikaa kwenye gogo nje tukimsikiliza. Alilia vizuri. Alilia kwa muda mrefu. Kesho yake, baada ya mazishi, nikafungua kifungo, nikakitia mafuta, nikakifunga tena, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine ya kufanya pale. Mbeba mafuta akaelekea upande wa Mambasa, mimi nikashuka Bunia na remorke tupu.

Kwenye lile daraja nilisimama. Palikuwa na ubao uliokosekana, maji kidogo, na majani ya kawaida. Mahali pa mwisho mzee aliposema napajua, naweza kumpeleka mtu yeyote. Nilikaa kidogo. Kisha nikaendelea, nikitazama kando, kilima kwa kilima, na remorke ikirukaruka nyuma yangu kwa sababu haikuwa na uzito.